Mwaitu Amekataa

Jumapili ile watoto wa Ndanu walikutana sebuleni kwake, pale Kitengela, kuamua jinsi atakavyokufa, na hakuna aliyeona haja ya kumwita. Mwenyewe alikuwa chumbani, hatua sita kutoka walipoketi. Ukuta mmoja tu ndio uliowatenganisha, tena ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa miaka ishirini na miwili ya kuponda kokoto machimboni, na aliwasikia kama wamekaa kitandani pake.

Walianza kwa maombi, kisha wakachagua mwenyekiti. Sisi watu wa nchi hii tukikutana watatu, hata kama ni kumtafuta kuku aliyepotea, lazima tuchague mwenyekiti, na mwenyekiti naye lazima atafutiwe katibu. Uenyekiti alipewa Maweu, kifungua mimba, mwalimu wa shule ya msingi na shemasi wa kanisa. Ukatibu ulimwangukia dada yake Mumo, kitinda mimba, kwa kuwa ndiye aliyekuja na kalamu. Mjumbe wa tatu alikuwa Katee, ndugu wa marehemu baba yao, aliyetoka Kimana alfajiri na kuviacha vitunguu vyake bila kunyweshwa.

"Ajenda ya kwanza," Maweu alisema, "ni hali ya Mwaitu."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na Maweu alilitamka neno lile kwa upole mpaka Ndanu kule ndani akamwonea huruma. Huruma yenyewe haikudumu. Alimsikia mwanawe akieleza kwamba saratani ya koo imeshuka hadi kwenye ini, kwamba chakula hakipiti tena, na kwamba kuna hospitali Nairobi itakayomtoboa tumbo na kumwekea mpira wa kumlishia, kisha apigwe miale upya. Ambulensi ingekuja Ijumaa saa tatu asubuhi. Maweu alikuwa amekwisha kuzungumza nao.

Ndanu aliteremsha miguu, akavaa ndala, akajiinua kwa kushika kitanda, kisha meza, kisha fremu ya mlango. Alikuwa amekonda hata leso ilimzunguka kiunoni mara mbili na ushee. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona, lakini wote waligeuka alipotokea.

"Mwenyekiti," alisema, "niko na swali."

"Mwaitu, si ungelala kwanza," Maweu akasema huku akiinuka.

"Nitalala sana, wewe usijali. Keti. Nani alikuchagua?"

Mumo aliuma kalamu ili asicheke, na papo hapo machozi yakamlengalenga.

"Mnaongea habari ya tumbo langu," Ndanu aliendelea, "na mwenye tumbo hayuko kwa mkutano. Sasa nimekuja. Mumo, andika. Mpira sitaki. Miale sitaki. Ambulensi sitaki. Nataka kukaa hapa kwangu, yule sista wa dawa ya maumivu aendelee kuja, na siku ikifika, ifike. Umeandika?"

"Mama Maweu," Katee aliingilia, kofia mkononi, "hiyo sasa ni kujiua. Uhai ni Mungu anatoa, na ni yeye anachukua."

"Na huo mpira ni Mungu anakuja kuweka?"

Katee aliigeuzageuza kofia yake. Alikuwa mtu mwema, na tatizo la watu wema ni kwamba ukiwauliza swali la kweli wanalifikiria.

"Lazima kuwe na mtu wa kuunga mkono," Mumo alisema kwa sauti ndogo, kwa mazoea tu ya vikao vya chama chake. Aliyasema maneno hayo akayajutia. Walitazamana. Maweu alitazama dirisha, Katee kofia, na Mumo mwenyewe alitazama karatasi mpaka maandishi yakaanza kumchezea machoni. Hata yeye, aliyempenda mama kuliko wote, hakuweza kuinua mkono na kusema ndiyo, mama yangu aachwe afe.

"Basi andika hakuna aliyeunga mkono," Ndanu alisema. "Lakini andika." Kisha akageuka, akashika fremu, akashika meza, akashika kitanda. Alifika akiwa anahema, lakini alifika.

Mtu asidhani alikuwa amechoka na maisha. Ndanu aliyapenda maisha kwa uroho. Alipenda umbea, chai ya tangawizi, na kukaa nje asubuhi akiwakosoa wapita njia. Lakini mwezi wa tatu alikuwa amelazwa wiki tano, na kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa Embulbul aliyefungwa mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda ili asing'oe mipira aliyowekewa. Mama yule hakuwa na nguvu za kusema, ila kila Ndanu alipomtazama, alimkuta anamtazama yeye. Watoto wake walikuwa wakija saa za kuona wagonjwa, wanamwombea, wanamwambia kaza moyo, wanaondoka. Alikaa hivyo siku kumi na tisa. Ndanu aliporudi nyumbani alijua jambo moja, na alilijua kama anavyojua jina lake: mikono yake hii, iliyoponda mawe ikalea watoto wawili baada ya baba yao kufa, haitafungwa na mtu.

Jumanne alikuja Soipan, yule sista wa dawa ya maumivu. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wasiopona, akizunguka Kajiado nzima na begi lake jeusi, mara kwa gari, mara kwa bodaboda.

"Takwenya, Yeyo," alimwamkia Kimaasai, maana kwake kila mama mzee ni Yeyo.

"Iko," Ndanu akaitikia. Alikuwa amejifunza kuitikia, na alipenda kuitikia.

Soipan alimpima, akamgeuza, akamkagua mgongo kama umeanza kuchubuka. Kisha akatoa chupa ya mofini ya maji na sirinji isiyo na sindano, akamwonyesha Mumo kwa mara nyingine mstari wa kupimia: hapa, si juu ya hapa, kila baada ya saa nne, aiangushe kando ya ulimi polepole. Ndanu aliwatazama wote wawili, kisha akauliza swali alilokuwa nalo muda mrefu.

"Na nikikunywa chupa yote?"

Mumo aliganda. Soipan hakuganda. Alivuta kiti, akaketi karibu na mto.

"Unataka kukunywa yote, Yeyo? Niambie ukweli. Sitakukasirikia."

Ndanu alifikiri. Angeweza kusema hapana haraka haraka ili binti yake apate kupumua, lakini hakuwa mtu wa kusema kitu ili wengine wapumue. "Kuna siku nimetaka," alisema. "Wiki jana nilitaka sana. Leo sitaki. Leo nataka kukaa nje bila kulia."

"Sawa. Siku ukitaka tena, uniite kwanza, hata kama niko Namanga. Sitakusaidia kujimaliza, hiyo sitafanya, na sitakudanganya. Lakini ukitaka kufa kwa sababu ya uchungu, hiyo inamaanisha mimi sijafanya kazi yangu vizuri, na kazi yangu nitaifanya."

"Na nikikataa mpira? Shemeji yangu anasema ni kujiua."

"Ukikataa mpira umekataa mpira. Ni mwili wako, na akili yako iko timamu, hata inanizidi." Soipan alicheka. "Ugonjwa utaenda vile unaenda. Mimi siusukumi, wala siuzuii."

Siku ile Ndanu alikaa nje mpaka saa kumi na moja jioni, akawakosoa watu kumi na wanne.

Jumatano Mumo alikwenda kazini Nairobi, na Maweu akaja kukaa na mama, shule zikiwa zimefungwa. Alimsomea zaburi, akamrekebishia mto, akampangusa midomo kwa pamba yenye maji. Mtoto mwema, huwezi kumpata na kosa. Halafu akaenda jikoni. Ndanu akasikia bomba likifunguliwa, maji yakatiririka muda mrefu kuliko ya kuosha kikombe.

Maweu alirudi akasimama mlangoni. Jambo moja la kumsifu ni kwamba hakujua kudanganya hata alipokuwa mdogo.

"Mwaitu, hiyo dawa nimeimwaga."

"Umemwaga nini?"

"Ile ya chupa. Mzee wa kanisa amenieleza, ni dawa wanapewa watu wa kumalizwa. Ukishaanza hiyo, huwa hurudi. Mimi siwezi kukaa hapa nikiangalia mama yangu akiuawa kijiko kwa kijiko. Ijumaa tunaenda hospitali, utatibiwa vizuri."

"Maweu."

"Najua ninachosema!" Alipaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mama yake. "Hii kitu mimi naijua kuliko huyo mzee." Kisha akatoka nje, akaketi kwenye ngazi na kushika kichwa.

Alhamisi sitaieleza yote. Maumivu yalianza kooni usiku wa kuamkia siku ile, yakashuka kifuani, yakaingia mgongoni, na kufikia saa sita mchana Ndanu alikuwa ameuma leso mpaka ikatoboka. Mumo aliyeomba ruhusa kazini alimpigia Soipan akilia. Dawa ile hainunuliwi dukani. Hutolewa kwa maandishi na kila tone lina maelezo. Soipan alisema ataandika ripoti kwamba imemwagwa na ataleta nyingine Ijumaa asubuhi, mapema awezavyo.

"Mwaitu," Mumo alisema, amepiga magoti kando ya kitanda, "mwambie Maweu utamwachia kiumo. Mwambie tu mara moja. Ataacha hii kichwa ngumu yake."

Kiumo ni neno la mzazi anayekufa. Mzazi akikutamkia neno baya kitandani pake pa mwisho, Wakamba wanasema litakufuata wewe na watoto wako. Makanisa yamelihubiri neno hilo kuwa ni upagani tangu enzi za babu zetu, na waumini wanasema amina kwa nguvu, lakini mpe mmoja wao mama aliyekasirika na yuko kufani, uone kama atalala usingizi. Maweu, ushemasi wake na yote, angetetemeka. Ndanu alilijua hilo. Na kwa uchungu aliokuwa nao siku ile, neno lenyewe lilimjia likiwa kamili, na alitamani kulisema. Alimchukia mwanawe kwa saa kadhaa, alimchukia kweli. Hebu asije mtu akatuambia mama hawezi.

"Nitaona," alisema.

Ijumaa saa tatu ambulensi ilifika, ikarudi nyuma mpaka karibu na mlango. Waliteremka watu wawili, kijana mmoja dereva na mwanamke mnene mwenye glavu mfukoni aliyejitambulisha kwa jina la Namalwa. Maweu alikuwa tayari amepakia begi la nguo. Katee alisimama kando, kofia mkononi kama kawaida.

Namalwa aliinama karibu na uso wa mgonjwa. "Mama, shikamoo. Tumekuja kukupeleka Nairobi. Unakubali twende?"

"Sikubali."

Namalwa alinyooka, akamgeukia Maweu. "Anasema hakubali."

"Ni ugonjwa unaongea. Mbebeni tu. Mimi ni mtoto wake wa kwanza."

"Mama, leo ni siku gani?" Namalwa akauliza.

"Ni Ijumaa. Na huyo kijana wako amekanyaga sukuma wiki zangu na gari."

"Mwalimu," Namalwa alisema kwa heshima, "huyu mgonjwa yuko timamu kuliko sisi. Siwezi kubeba mtu mzima kwa nguvu. Anaweza kuweka sahihi hapa kwamba amekataa, na sisi twende."

Ndanu aliomba kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi kubwa kubwa, akachukua muda wake wote. Namalwa alikunja fomu, akamshika bega kidogo, akatoka. Gari likawashwa.

Hapo ndipo Maweu alipopasuka. Alipiga begi teke, nguo zikamwagika sakafuni. "Basi niambieni! Nikae tu hapa, mikono mapajani, mama yangu afe, halafu nisimame mbele ya watu niseme nilikuwepo? Mnataka hivyo? Mwaitu, unataka hivyo?"

Katee alisogea haraka kitandani. "Mama Maweu," alinong'ona, na sauti yake ilikuwa na hofu, "kama kuna neno uko nalo kwa roho, tafadhali, usilitoe. Ni mtoto."

Wote walijua. Maweu mwenyewe alijua, akasimama pale katikati ya nguo za mama yake, amekunja mabega kama mtu anayengoja kofi. Lakini hakuondoka. Ndanu alimtazama, na kilichomshangaza ni kwamba mwanawe alikuwa radhi kulaaniwa kuliko kukubali. Mtu hafiki hapo kwa sababu ya mahubiri ya mzee wa kanisa.

"Unaogopa nini?" alimuuliza. "Si Mungu. Si watu. Niambie."

Maweu aliketi sakafuni.

"Ni mimi nilimwita sista," alisema. "Baba akiwa hospitali. Alikuwa analia, na wewe uliniambia nikae naye, na mimi nikaenda mbio nikaita sista. Akakuja na sindano. Akamdunga. Baba akanyamaza, na kabla uji wake upoe, akawa amekufa." Alijipangusa kwa mkono wa shati. "Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mimi ndio nilimuua baba, Mwaitu. Sasa mnaniambia nikuue na wewe."

Mumo aliziba mdomo. Miaka thelathini na moja nyumba ile ililala na kuamka, na hakuna aliyejua kwamba kijana alikuwa amebeba kitu hicho kila mahali. Ndanu alihisi chuki ya jana ikimtoka yote kwa mara moja, na mahali pake pakaingia uchungu mwingine usio na dawa.

"Njoo hapa," alisema. "Karibu. Siwezi kupiga kelele."

Akaja kwa magoti.

"Nilikuwa nimemshika miguu baba yako. Ilikuwa baridi mpaka kwa magoti kabla wewe hujatoka mbio. Alikuwa anaenda tangu asubuhi, Maweu. Lile jiwe la machimboni lilikuwa limemvunja ndani, daktari alikuwa ameniambia. Ulimletea mtu wa kumtoa uchungu, na hukumletea kifo. Kifo kilikuwa hapo tayari. Na kama hungeenda, ningeenda mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulinyamaza, nikafikiri ni huzuni." Alitweta, akapumzika, akaendelea. "Hilo ni kosa langu. Nisamehe."

Soipan alifika saa nne kasoro, viatu vina vumbi, akaingia bila kupiga hodi. Aliona nguo sakafuni, akaona mwanamume mzima analia kando ya kitanda, akaelewa bila kuuliza. Alitoa chupa mpya na sirinji. Mumo akanyoosha mkono kuzipokea.

"Si Mumo," Ndanu alisema. "Huyu."

"Mwaitu, siwezi."

"Unaweza. Wewe ni mwalimu, mstari unauona."

"Nikikupa na ukufe?"

"Nitakufa. Si leo, lakini nitakufa, na pengine itakuwa baada ya dawa ya mkono wako. Unisikie vizuri: nitakufa kwa sababu niko na ugonjwa, si kwa sababu niko na mtoto. Sasa pima, nimeumia tangu jana na ni wewe ulimwaga."

Maweu alipima. Alipima mara tatu, Soipan akikagua, na mara zote tatu ilikuwa sawa. Alimweka mama kichwa mkononi, akaangusha dawa kando ya ulimi, tone kwa tone, huku midomo yake mwenyewe ikicheza, labda ni maombi, labda alikuwa anahesabu. Kisha akaketi kuangalia. Uso wa Ndanu ulianza kulegea, mikunjo ya paji ikafunguka, vidole vikaachia blanketi. Akafumba macho.

Dakika zikapita. Maweu alisogeza kiganja mbele ya pua ya mama yake, akakiacha pale, amebana pumzi.

"Toa mkono," Ndanu alisema bila kufumbua macho. "Unanizibia hewa."

Katee ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha mzee aliyeogopa sana, kisha Mumo, kisha hata Soipan. Maweu hakucheka. Alishika ule mkono wake kwa mkono wa pili na kuutazama.

Jumapili iliyofuata hakwenda kanisani. Ilikuwa zamu yake, maana sasa walikuwa wanapokezana na Mumo, na daftari la dawa alikuwa amelipigia mistari kwa rula kama rejista ya darasa. Mchana, mama akiwa ameegemea mito, macho nusu, simu ikalia. Alikuwa mzee wa kanisa. Ndanu hakusikia ya upande wa pili, alisikia ya mwanawe tu, aliyeketi kitandani kando ya miguu yake.

"Hapana, hatukwenda Nairobi. Mwaitu amekataa... Ndio, nilikubali... Ndio, mzee, ni hiyo hiyo dawa." Mzee alikuwa na mengi. "Hapana, si sista. Ni mimi. Mimi ndio nampa."

Yakafuata maneno mengi tena, na Maweu akayasikiliza yote kwa adabu, shingo wima.

"Asante, mzee. Mkiomba, ombeni," alisema. "Lakini saa kumi nampa tena."